Jina la Fundi

Vyombo vya nyumbani hukaa karibu sana na mwanadamu, hata macho yake huacha kuviona. Chungu kipo jikoni, mbuzi ya kukunia nazi ipo nyuma ya mlango, mkeka upo chini ya miguu, wala hakuna anayevisalimu. Hutumika, huchakaa, hutupwa. Lakini katika miaka hii vyombo vya namna hiyo vimepata safari isiyotazamiwa. Vimetolewa majikoni, masokoni na majalalani, vikaingizwa katika majumba ya sanaa, vikawekewa taa na walinzi. Watu walewale waliokuwa wakivipiga teke husimama mbele yake kwa adabu, na kwa sauti ya chini huambiana kwamba hapa pana kumbukumbu, hapa pana urithi.

Juu ya jambo hili pamezuka makundi mawili. Kundi la kwanza lasema kuwa uchongaji umekufa, kwa kuwa vizibo vya chupa na madumu ya petroli si sanaa ila takataka. Kundi la pili lashangilia na kusema kuwa kitu kilichodharauliwa kimepata heshima, na kwa hiyo urithi umeokoka. Kundi la kwanza limekosea kwa kutotazama. Kundi la pili limekosea vibaya zaidi, maana limetazama likaona kitu, lisione mkono uliokifanya. Kosa la kwanza ni la ujinga, nalo huweza kutibika kwa ziara moja ya maonyesho. Kosa la pili ni la elimu, nalo hufundishwa vyuoni.

Yafaa kuanza na wale wa takataka, kwa kuwa hoja yao ni nyepesi. El Anatsui alizaliwa mwaka 1944 huko Anyako, katika nchi ambayo leo ni Ghana. Alisoma uchongaji Kumasi, na mwaka 1975 akaenda kufundisha katika Chuo Kikuu cha Nigeria, mjini Nsukka. Kabla ya kujulikana duniani alikuwa amekwisha kufanya kazi katika sinia za mbao ambazo wachuuzi wa sokoni hupangia bidhaa, akizitia alama kwa chuma cha moto. Akatoka huko akashughulika na vyungu vilivyovunjika. Mwaka 2000 aliunganisha mabati ya kukunia mihogo, yaliyokwisha kuliwa na kutu, akasimamisha ukuta unaobomoka. Hata hivyo, kazi iliyomletea sifa ilianza kwa mfuko uliotupwa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 aliokota karibu na Nsukka mfuko uliojaa vizibo vya chupa za pombe kali.

Vizibo hivyo ni vya alumini laini. Hunyooshwa, hukunjwa, husokotwa, hutobolewa, kisha hufungwa kimoja kwa kingine kwa waya wa shaba, maelfu kwa maelfu, mpaka iwe nguo kubwa inayoweza kufunika ukuta wa jumba. Mwaka 2007 nguo ya namna hiyo ilifunika uso wa jumba la kale mjini Venice, na mwaka 2015 mji huohuo ulimpa Anatsui tuzo ya Simba wa Dhahabu kwa kazi ya maisha yake yote. Mtazamaji wa mbali huona dhahabu na kente. Akikaribia husoma majina ya viwanda vya pombe. Akikaa kitako akafikiri, hukumbuka kwamba pombe kali ilikuwa mojawapo ya bidhaa ambazo wafanyabiashara wa Ulaya walizileta katika pwani ya Afrika Magharibi, na kwamba kwa bidhaa za namna hiyo watu walinunuliwa wakavushwa bahari. Kitu kidogo kilichotupwa na mlevi njiani kimeibeba historia ya bahari nzima. Mtu anayekiita takataka amesoma jalada la kitabu akadai amekimaliza kitabu.

Hali ni hiyo kwa Romuald Hazoumè wa Porto-Novo, nchini Benin. Yeye alitwaa madumu ya plastiki ambayo wachuuzi wa magendo hubebea petroli kutoka Nigeria. Madumu hayo hupashwa moto ili yatanuke na kubeba zaidi ya kipimo chake, kama vile yule anayeyabeba anavyotanuliwa na shida mpaka karibu ya kupasuka. Hazoumè alikata madumu 304, kila moja likawa uso wenye mdomo wazi, akayapanga sakafuni kwa kufuata mchoro mashuhuri wa meli ya watumwa iliyoitwa Brookes. Kazi hiyo, La Bouche du Roi, ilinunuliwa na British Museum na kuonyeshwa mwaka 2007, ilipotimia miaka 200 tangu sheria ya Uingereza ya kupiga marufuku biashara ya watumwa. Hapa napo dumu ni dumu, lakini ni mtu pia. Hoja ya takataka imekwisha, na haistahili kurasa zaidi.

Sasa wageukiwe wale wanaoshangilia, kwa kuwa shangwe yao ndiyo yenye hatari. Wao wasema: kitu hiki chakumbuka. Chungu chakumbuka, kiti chakumbuka, kizibo chakumbuka. Maneno haya ni matamu masikioni, lakini si ya kweli. Kitu hakikumbuki. Anayekumbuka ni mtu, na mtu hukumbuka kwa njia mbili: kwa mkono unaojua kufanya, na kwa ulimi unaojua kutaja. Chungu kisichokuwa na mtu anayejua kukifinyanga, wala mtu anayejua majina ya hatua za kukifinyanga, ni udongo uliobahatika kutovunjika. Kukiweka ndani ya kioo ni kukiongezea siku za kukaa, si kukirudishia kumbukumbu. Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Urithi mwingi unaosifiwa leo katika majumba ya sanaa ni mkakasi wa namna hiyo.

Chanzo cha kosa hili ni mgawanyo ambao wasomi wameupokea bila kuuhoji, yaani mgawanyo wa sanaa na ufundi. Hufundishwa kwamba msanii huwaza na fundi hutenda. Kwamba msanii ana jina na fundi ana bei. Kwamba kazi ya msanii huulizwa maana yake, na kazi ya fundi huulizwa kama itadumu. Kiswahili chenyewe chaukataa mgawanyo huo. Neno sanaa lilitoka katika Kiarabu, ambako shina lake lahusu kutengeneza kitu kwa mkono na ustadi, hata kiwanda huko huitwa kwa neno la shina hilohilo. Fundi naye si mtu wa nyundo tu. Jina lake ni ndugu wa kufunda na kufundisha. Somo anayemfunda mwari na mwalimu anayefundisha darasani ni jamaa zake katika lugha. Kwa hiyo, msanii kwa asili ya neno ni mtu wa kazi ya mkono, na fundi kwa asili ya neno ni mtu wa elimu. Msomi wa Kiswahili anayemtenga fundi na elimu ametenda kinyume cha lugha anayolipwa kuifundisha.

Mfano wa mfinyanzi watosha kuonyesha jinsi mgawanyo huo unavyodhulumu. Magdalene Odundo alizaliwa Nairobi mwaka 1950, akaenda Uingereza kusoma, na leo vyungu vyake vimo katika majumba makubwa ya makumbusho ya Ulaya na Marekani. Mwaka 2020 alipewa na serikali ya Uingereza heshima ya cheo cha Dame. Vyungu hivyo havipiki wala havichoti maji. Vina shingo ndefu, matumbo yaliyojaa, na midomo iliyoinama kama inayosikiliza. Odundo hatumii gurudumu. Hujenga chungu kwa mikono, hukiparuza, hukipaka udongo laini wa majimaji, hukisugua kwa jiwe mpaka king'ae bila ya rangi ya kioo, kisha hukichoma. Kikichomwa penye hewa ya kutosha hutoka chekundu cha kung'aa. Kikichomwa tena kikiwa kimefungiwa pamoja na vitu vya kuleta moshi hutoka cheusi.

Elimu hiyo hakuizua peke yake, wala hakupata kudai hivyo. Miaka ya 1970 alikwenda Nigeria, katika kituo cha ufinyanzi cha Abuja, mji ambao sasa waitwa Suleja, na huko alikuwako Ladi Kwali. Mwanamke huyu alijifunza kufinyanga kwa shangazi yake tangu utotoni, kwa desturi ya wanawake wa Wagbari. Mitungi yake ya maji ilipendwa hata ikawekwa katika nyumba ya mtawala wa Abuja, na hapo ndipo mfinyanzi Mwingereza Michael Cardew alipoiona, kabla ya mwenyewe kuingia katika kituo kile mwaka 1954. Ladi Kwali alifariki mwaka 1984. Tangu mwaka 2007 sura yake, akiwa na chungu chake, imo nyuma ya noti ya naira 20.

Msomaji ataona kwamba hapa mnyororo haukukatika: shangazi, Ladi Kwali, Odundo. Kwa kuwa majina yajulikana, chungu cheusi kilichosimama chini ya taa ya London chaweza kurudishwa nyuma, hatua kwa hatua, hadi katika ua wa nyumba moja ya Nigeria. Lakini jina la shangazi yule ni wangapi wanaolitaja? Na mfinyanzi aliyemfundisha shangazi? Hapo giza laanza, na giza hilo halikuletwa na wakati. Limeletwa na watu waliokwenda kununua vyungu wasiulize vilifinyangwa na nani.

Neno hili, kutokuuliza, ndilo kiini cha mashtaka. Katika kumbi nyingi za makumbusho vimo viti vya enzi kutoka pwani ya Waswahili. Ni viti vya mpingo, vyenye mapambo ya mfupa au pembe, migongo na makalio yake yamesukwa kwa uzi, na zamani alikalishwa mtu mkubwa au mgeni wa heshima. Aghalabu kibao cha maelezo hutaja mahali kiti kilipopatikana, karne yake, na jina la mtu aliyekitoa zawadi kwa jumba. Aliyekikalia hutajwa kwa cheo. Aliyekichonga huitwa asiyejulikana. Kauli hiyo ni ya uvivu uliovikwa kanzu ya elimu. Fundi yule alijulikana sana katika mtaa wake. Alijulikana kwa aliyempa kazi, kwa aliyemwuzia mpingo, na kwa mwanafunzi aliyemshikia patasi. Ukweli wa kuandikwa si kwamba fundi hakujulikana. Ukweli ni kwamba fundi hakuulizwa.

Kiti kingine katika British Museum chaonyesha kwamba yawezekana kufanya vinginevyo. Baada ya vita vya Msumbiji, vilivyodumu tangu mwaka 1977 hadi 1992, Baraza la Kikristo la nchi hiyo lilianzisha mwaka 1995 mpango wa kuwapa watu majembe, cherehani na baiskeli badala ya silaha walizozificha. Silaha zilikatwakatwa zisiweze kuua tena, na wachongaji wa Maputo wakapewa vipande. Mwaka 2001 Cristóvão Canhavato, anayejulikana kwa jina la Kester, aliunganisha bunduki zilizokatwa zikawa kiti. Mgongoni vitako viwili vya bunduki vina matundu na ufa, navyo vyafanana na nyuso zinazotabasamu. Kester hakuichonga tabasamu hiyo. Ilikuwamo tayari, alama ya mahali palipofungwa mkanda wa kubebea. Baadaye mti wa silaha ulifanywa na yeye pamoja na Hilario Nhatugueja, Fiel dos Santos na Adelino Serafim Maté, na majina yote manne yaliandikwa. Bunduki hizo zilitoka nchi za mbali. Hakuna hata moja iliyoundwa Msumbiji. Lakini kiti chajulikana ni cha nani, na kwa sababu hiyo hakisemi habari za vita tu, bali chasema habari za mtu aliyeishi vitani kisha akachagua kuunda mahali pa kukaa. Likifutwa jina la Kester, kitabaki chuma cha kutisha kilichopangwa vizuri.

Hakuna aliyelielewa jambo la majina kuliko Lubaina Himid, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1954 na kukulia Uingereza, ambaye mwaka 2017 alipata tuzo ya Turner. Mwaka 2004 alikamilisha kazi iitwayo Naming the Money, yenye sanamu bapa 100 za mbao, za kimo cha binadamu, zilizopakwa rangi. Ni Waafrika waliotumikishwa katika majumba ya matajiri wa Ulaya. Katika picha za kale watu hao walichorwa pembeni kama pambo, wameshika sinia au mbwa. Himid amewatoa pembeni akawasimamisha katikati ya ukumbi, na mtazamaji hulazimika kupita kati yao kama apitaye sokoni. Kila mmoja ana jina alilopewa na wazazi wake, na jina alilobandikwa na bwana wake. Ana kazi aliyoifanya kwao, na kazi aliyolazimishwa ugenini. Miongoni mwao wamo wafinyanzi, washona viatu, wapiga ngoma, wachora ramani na watengeneza vitu vya kuchezea. Habari zao zimeandikwa mgongoni juu ya karatasi ya hesabu, mahali ambapo mtumwa alikuwa tarakimu. Himid hakusema watumwa walikuwa wengi, jambo ambalo kila mtu alijua. Alisema huyu alikuwa mfinyanzi, na jina lake ni hili.

Kipimo hicho chapasa kutumiwa bila upendeleo, hata kwa Anatsui. Nguo zake za vizibo haziwezi kufanywa na mtu mmoja. Hufanywa na makumi ya wasaidizi, ambao huketi siku nyingi wakikunja na kufunga waya, kisha mwenyewe huvipanga vipande sakafuni na kuamua sura. Anatsui hakulificha jambo hilo; amelieleza mara nyingi, tena hupenda wanaoitundika nguo wachague wenyewe mikunjo yake. Walakini kibao cha ukumbini kwa kawaida hutaja jina moja. Msimamizi wa jumba aweza kusema kuwa ukuta hautoshi majina yote. Ukuta uliotosha vizibo elfu kadhaa hautashindwa na majina arobaini.

Wako watakaopinga. Pingamizi la kwanza lasema kwamba katika Afrika kazi ya mkono ni mali ya jamii, na kutafuta jina la mtu mmoja ni kuleta ubinafsi wa kigeni. Hoja hii yaonekana ya heshima, lakini yafaa ichunguzwe imemfaa nani. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Dar es Salaam, Wamakonde waliotoka Msumbiji walianza kuchonga mpingo kwa namna mpya. Samaki Likankoa ndiye atajwaye kuwa mwanzilishi wa mtindo wa shetani, na Roberto Yakobo Sangwani atajwa katika mtindo wa ujamaa, wa watu waliopandana kama nguzo moja. Hawa walikuwa watu wawili wenye vichwa viwili na mawazo mawili. Lakini vinyago vingi mno vya kizazi chao vilisafirishwa vikiwa na neno moja tu, Makonde. Kabila lilipewa sifa, mchuuzi alipata faida, mchongaji alibaki na vumbi la mpingo. Jamii iliyodaiwa kumiliki kazi haikupata chochote. Kadhalika, ni uongo kwamba Waswahili hawakujali majina. Watunzi wengi wa tenzi walitaja katika beti za mwisho majina yao, na pengine miji yao na tarehe, ili msomaji ajue ni nani wa kuombewa dua. Kama mtungaji wa beti alistahili jina, mchonga mlango ambao beti hizo zilisomwa nyuma yake alikosa nini?

Pingamizi la pili lasema kwamba ufundi wa kale umepitwa na wakati, na hakuna anayeweza kuwarudisha watu kwenye mtungi wakati ndoo ya plastiki ni nyepesi na rahisi. Ni kweli, wala hakuna anayetaka mwanamke arudi kubeba mtungi kisimani kwa ajili ya kumfurahisha mtalii. Lakini pingamizi hilo lachanganya chombo na elimu ya chombo. Chombo hufa, elimu si lazima ife. Mwaka 2018, huko Lamu, kilishushwa majini chombo cha tanga kiitwacho Flipflopi, chenye urefu wa mita 9 hivi, kilichoundwa kwa takribani tani 10 za plastiki iliyookotwa na kufunikwa kwa kandambili zipatazo 30,000. Mwaka uliofuata kilisafiri kwa pepo mpaka Zanzibar. Fundi mkuu wake alikuwa Ali Skanda wa Lamu, na jina lake latajwa kila chombo kinapotajwa, kama inavyostahili. Kitu kilikuwa kipya kabisa. Hakuna babu aliyepata kuranda plastiki. Lakini mkuku uliwekwa kwanza, mataruma yakafuata, na mbao za plastiki zikakatwa na kulainishwa kwa mkono uliofunzwa juu ya mti. Lau kama elimu ya kuunda jahazi ingalikuwa imekufa, taka zile zingalibaki taka ufukweni, na msanii yeyote ambaye angalizikusanya angalipata lundo, asipate chombo.

Hapo ndipo mahali pa lugha, na hapo ndipo chuo kikuu kinapohusika. Mkuku, taruma, tezo, keekee, kalafati: maneno haya si mapambo ya kamusi. Kila moja ni tendo lililohifadhiwa. Mfaa na mwimo wa mlango, ukili wa mkeka, kifumbu cha kuchujia tui, yote ni elimu iliyofupishwa ikatiwa katika neno ili mtoto aweze kuipokea. Mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba bila msumari, hausafiri tena, na maneno ya kuushona yanajulikana na wachache. Ikiwa mwanafunzi wa fasihi anajua kueleza nadharia tano za umbo, naye hawezi kutaja sehemu tatu za mlango anaoupita kila siku, basi elimu yake ina paa bila kuta. Akisimama mbele ya sanamu iliyofanywa kwa mabaki ya mlango huo atasema inaamsha hisia za zamani, kwa sababu hana neno jingine la kusema.

Wakati huohuo mafundi wangali hai. Katika ufuko wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, wanawake wa Wakisi wafinyanga vyungu ambavyo hupelekwa sokoni Matema kwa mitumbwi. Hawahitaji kuhurumiwa, wala hawahitaji hotuba juu ya urithi. Wahitaji bei ya haki, na mtu wa kuandika maneno yao kama wayasemavyo wao, pamoja na majina yao. Wapo wanaokumbuka methali, mfinyanzi hulia gaeni, wakaitaja kana kwamba ni amri ya maumbile. Methali hiyo ni lawama, si amri. Yasema lipo jambo la aibu katika mji ambao mtu anayewafanyia wengine vyungu hana chungu chake mwenyewe. Aibu si ya mfinyanzi, ni ya mji.

Kinachotakiwa si kikubwa. Jumba linaloonyesha chombo na litaje fundi, na lisipomjua liandike wazi kwamba hakuulizwa, ili watazamaji waone upungufu ni wa nani. Mchongaji atumiaye chombo cha mtu mwingine katika kazi yake na aulize kilikotoka, maana kuchukua kumbukumbu ya mtu bila ya kumtaja ni wizi hata ikiwa chombo kiliokotwa jalalani. Chuo kinachofundisha sanaa na kimkalishe fundi mbele ya darasa, kimlipe kama kinavyomlipa mgeni mwenye shahada, na idara ya lugha ikae naye na kalamu. Haya yakifanyika, uchongaji wa siku hizi utakuwa daraja. Yasipofanyika, utakuwa ubani unaofukizwa juu ya maiti ambayo wafukizaji wenyewe wameiua.

Wazee walionya, usiache mbachao kwa msala upitao. Wengi huielewa methali hii kuwa ni onyo la kutotupa kitu cha kale. Lakini mbachao ni mkeka uliochakaa, na mkeka ulisukwa na mtu. Anayeuokota, akautundika ukutani na kuusifu, asiulize ni nani aliyeusuka na kama yu hai, bado ameuacha.